Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Keroka ni soko moja lenye kaunti mbili. Unaweza kununua mkungu wa ndizi upande wa Kisii, ukavuka kutafuta chenji upande wa Nyamira, na hakuna atakayekuomba pasipoti. Si ajabu kwamba kaunti hizo zimewahi kuvutana kuhusu nani atoze ushuru. Hapo ndipo matatu yetu ya kutoka Nairobi iliposimama kushusha na kupakia, baada ya kupita Narok, Bomet na Sotik, na hapo ndipo mama aliyepanda Nyansiongo akaketi kando yangu aliposhindwa kuvumilia zaidi.

"Mwanangu, hiyo katoni ina nini? Umeikumbatia kama mtoto mwenye homa."

"Vitabu vya katuni, mama."

"Vya watoto wako?"

"Vya shule. Napeleka maktabani."

Alinitazama, akaitazama katoni, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. "Siku hizi shule wanapeleka vya kucheka? Sisi tulipigwa kwa kucheka."

Aliteremka Keumbu, palipopangwa ndizi kando ya barabara kama askari wa gwaride, akaniacha na swali lake. Nililibeba wiki nzima pamoja na katoni.

Ndani ya katoni mlikuwa na miaka mingi ya kazi ya watu wa kwetu. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kusoma kwa hiari nilifundishwa na Juha Kalulu, yule bwana wa Edward Gitau aliyekuwa akijikwaa kila siku katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Gazeti lilinunuliwa kwa ajili ya baba na siasa zake; mimi nililifungua kwa ajili ya Juha. Kutoka Tanzania yalitufikia magazeti ya Sani, yenye kina Ndumilakuwili na Madenge, yakizunguka mkono kwa mkono hadi karatasi ikawa laini kama kitambaa. Mwalimu wangu mmoja aliwahi kuninyang'anya nakala katikati ya somo la hesabu. Saa nne, nilipopelekwa chumba cha walimu kuchukua chaki, nilimkuta ameinama juu yake, mabega yanamtikisika.

Nilizobeba safari hii nilizikusanya kwa wauza vitabu vya mitumba wa Nairobi na kwa marafiki. Kulikuwa na nakala za Pichadithi, mfululizo wa miaka ya 1980 uliotolewa na Kul Graphics chini ya Terry Hirst, Mwingereza aliyekuja Kenya kufundisha sanaa akabaki. Jina hilo ni tamu: picha na hadithi zimegongana zikatoa neno moja. Kulikuwa na Abunuwasi ya Gado, mchoraji Mtanzania, iliyotolewa mwaka 1996 na Sasa Sema, kampuni ndogo ya Nairobi iliyothubutu kuchapisha katuni kwa Kiswahili kabla ya kununuliwa na Longhorn. Na kulikuwa na furushi la Shujaaz, lile jarida la Sheng lililoanza mwaka 2010, likagawiwa bure nchini kote ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, likashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012 na tena mwaka 2014. Humo kijana Boyie anaendesha redio ya siri chumbani mwake, na kati ya kichekesho na kichekesho msomaji anafunzwa mambo kama kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue.

Mji wa Kisii, ambao wazee bado wanauita Getembe, umejengwa kama vile kila mtu aliambiwa ajenge palepale aliposimama. Magari ya Probox hupanda na kushuka vilima yakiwa na abiria wengi kuliko viti. Usiku wa kwanza nilikula obokima ya wimbi, nyeusi na nzito, kwa chinsaga iliyochemshwa na maziwa ikalazwa mpaka uchungu ukapungua. Asubuhi nikapanda bodaboda, katoni mbele yangu, kwenda shule ya kwanza. Sitaitaja jina, kwa kuwa niliyoyaona humo nimeyaona Kilifi, nimeyaona Kitui, na pengine yako katika shule iliyo jirani nawe.

Maktaba yake ilikuwa stoo zamani. Ina kabati tatu za chuma, kila moja na kufuli, na ufunguo uko kwa mwalimu wa Kiswahili ambaye ana vipindi vyake vyote na maktaba juu yake. Alinifungulia kwa fahari. Kabati mbili zilijaa vitabu vya kiada. Tangu mwaka 2018 serikali hununua vitabu hivyo na kuvipeleka moja kwa moja hadi shuleni badala ya kutuma pesa, na ni kweli kwamba watoto waliokuwa wakigombania kitabu kimoja watu watano sasa kila mmoja ana chake. Lakini kitabu cha kiada ni kazi. Kabati ya tatu ndiyo iliyokuwa na vitabu vya hadithi, vichache, vimepangwa kwa urefu.

Vilikuwa safi kabisa. Nilivisifu, kisha nikaomba daftari la kuazima. Lilikuwa na kurasa mbili zilizoandikwa.

"Wanaogopa," mwalimu akasema bila kuulizwa. "Akipoteza, mzazi atalipa. Mzazi mwenyewe ndiye humwambia mtoto, usilete kitabu cha shule hapa nyumbani, ng'ombe atakula."

Basi kitabu kinalindwa dhidi ya mtoto, na mtoto analindwa dhidi ya kitabu, na wote wawili wanabaki salama.

Tulifungua katoni mbele ya gredi ya 7, kipindi cha mwisho kabla ya chakula. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi. Sikuitoa. Kabla sijamaliza kusema majina ya vitabu, madawati yalikuwa yamesogezwa na vikundi vimejiunda vyenyewe, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria nilipokuwa Nairobi. Kitabu cha kawaida husomwa na mtu mmoja, kimyakimya. Katuni ilisomwa na wanne: mmoja anashika, mmoja anasoma viputo vya Abunuwasi, mwingine anasoma vya sultani kwa sauti nzito ya kujitungia, na wa nne anageuza kurasa na kukaripiwa kwa kugeuza mapema. Maktaba ile iliyonuka chuma na vumbi iligeuka jukwaa.

Karibu na dirisha kulikuwa na mvulana mrefu, peke yake, na Pichadithi ya Lwanda Magere. Aliifungua mwishoni. Aliitazama picha ya mwisho kwa muda, akarudi ukurasa mmoja nyuma, akatazama, akarudi mwingine. Mwalimu alininong'oneza kwamba kijana huyo husoma kwa taabu na huwa haombi kusoma mbele ya wenzake. Nilimwona akifika nyuma kabisa, kisha akaanza mwanzo, safari hii kidole kikifuata maneno. Alikwisha kuona shujaa wa Waluo, yule ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, ameanguka. Alichotaka kujua ni kwa nini. Picha zilimpa mwisho bure. Sababu ilikuwa ndani ya maneno, na kwa hiyo akayalipia.

Watu wengi hudhani katuni ni kitabu kilichorahisishwa, kwamba picha inafanya kazi ambayo msomaji angepaswa kuifanya. Mmarekani Scott McCloud, aliyeandika mwaka 1993 kitabu kizima kuhusu katuni kwa njia ya katuni, alionyesha kwamba mambo yako kinyume. Siri iko katika ule mwanya mweupe kati ya kisanduku na kisanduku. Katika kisanduku cha kwanza mtu ameinua panga mbele ya mgomba. Katika cha pili mkungu uko begani mwake. Nani aliukata? Mchoraji hakuchora. Umeukata wewe msomaji, kichwani mwako, na bila wewe ndizi ingali mgombani. Mtoto anayesoma kurasa 30 za katuni amejaza mianya mia na kitu bila kuambiwa kwamba hilo ni zoezi la ufahamu.

Na Gusii, nchi hii ya Kisii na Nyamira, mianya ni mingi kuliko kwingine. Mtoto wa hapa huamka katika Ekegusii, huingia darasani akakutana na Kiswahili, na kabla ya saa nne Kiingereza kimemkalia kichwani. Neno asilolijua katika kitabu cha maandishi matupu ni ukuta. Neno hilohilo likiwa juu ya kichwa cha mtu aliyekunja ndita, ngumi mezani, tayari limekwisha kujieleza nusu.

Haikuwa sherehe tupu. Mwalimu mwandamizi mmoja, mtu wa miwani na kauli za taratibu, alichukua nakala ya Shujaaz, akasoma kurasa mbili, akairudisha katonini kama anayerudisha nyoka.

"Ndugu mgeni," akasema, "hawa wanaandika Sheng kwenye insha. Tunasahihisha mpaka kalamu nyekundu zinaisha. Sasa wewe unatuletea Sheng iliyopigwa chapa?"

Sikuwa na jibu la haraka, na bado siamini kwamba alikosea. Kiswahili cha shuleni kina mtihani wake, na mtihani hautamsamehe mtoto kwa sababu Boyie anapendwa. Lakini chuki dhidi ya katuni ni kongwe kuliko Sheng. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu kuwashawishi Wamarekani kwamba katuni zinazaa wahalifu. Seneti yao ikaketi kusikiliza, na wachapishaji kwa hofu wakajiwekea kanuni kali za kujichuja. Miaka 38 baadaye, mwaka 1992, Art Spiegelman alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer kwa Maus, katuni ya panya na paka inayosimulia jinsi Wayahudi walivyoteketezwa. Na katika Afrika yetu Marguerite Abouet wa Ivory Coast amemfanya msichana wa Abidjan aitwaye Aya asomwe dunia nzima kwa visanduku vya rangi.

Yote hayo nilimwambia. Alisikiliza kwa adabu, na hayakumtikisa hata kidogo. Kilichomtikisa kilitokea alasiri. Mwalimu wa Kiswahili aliwapa vijana ukurasa mmoja wa Shujaaz na amri moja: andikeni viputo vyote upya kwa Kiswahili sanifu. Darasa likachacha. Je, "niaje" ni "hujambo" au ni "habari gani"? Msichana mmoja alishikilia kwamba si yoyote kati ya hizo, kwa sababu Boyie anaongea na rika lake na "hujambo" ingemfanya aonekane anamsalimia chifu. Mwingine akasema "msee" aandikwe "jamaa", wa tatu akataka "bwana". Walibishana kuhusu rejista kwa nusu saa bila kulitamka neno "rejista". Yule mwalimu wa miwani alisimama mlangoni muda wote. Mwishowe akasema, "Hiyo moja niachie. Lakini ikae ofisini kwangu." Nilimwachia, nikakumbuka chumba cha walimu cha Mombasa.

Jumamosi nilikwenda Tabaka, kusini-magharibi mwa mji, huko linakochimbwa jiwe la sabuni. Sikuwa na shughuli ya maktaba. Nilitaka kuona mikono. Njia nzima imepauka kwa unga wa mawe, meupe, ya waridi na ya kijivu, na nje ya nyumba wanawake huketi na mabeseni ya maji wakisugua vinyago kwa msasa hadi vilainike. Kutoka machimbo hayo alitoka Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani amesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Wengine huchonga twiga na viboko kwa ajili ya watalii, na mmoja aliniambia bila haya kwamba kiboko hajawahi kumwona ila kwenye picha.

Mchongaji huyo alikuwa na gogo la jiwe la ukubwa wa tofali mbili. Kabla ya kuchukua panga, alichora kwa penseli: upande wa mbele mama amebeba mtoto, ubavuni kiwiko na kanga, nyuma kichwa cha mtoto kimelala. Pande nne, picha nne, mtu yuleyule.

"Kwa nini usianze tu kukata?" nikamuuliza.

"Usipochora pembeni, ukifika mgongoni utakuta umeshakata mkono wa mtoto."

Kijana wake wa kiume, wa gredi ya 6, alikuwa akichora jiwe dogo kando yake, naye pia pande nne. Nikawaza: mtoto huyu ameshajua kwamba hadithi ina mbele, ubavu na mgongo, na kwamba kila upande lazima uutambue mwingine. Jumatatu atakwenda shule, na ujuzi huo ataulaza nyumbani pamoja na msasa. Hakuna daftari la maktaba linalouhesabu.

Nyamira nilifika Jumatatu alasiri, na mvua ilifika pamoja nami. Ilitukuta kwenye bodaboda katikati ya mashamba ya chai, mahali ambapo hakuna mti wa kujikinga, kijani tupu hadi upeo wa macho na wachumaji wakikimbia na vikapu mgongoni. Katoni ililowa ikapasuka chini. Niliingia shule ya pili nimekumbatia matope na karatasi, nikiwa na haya ya mtu aliyealikwa akaja mikono mitupu.

Mwalimu mwenye maktaba ni mwanamke wa makamo. Aliniangalia, akaziangalia nakala, akasema tu, "Lete hapa." Ndani ya maktaba yake kulikuwa na kamba mbili za kuanikia nguo, zimefungwa kutoka ukuta hadi ukuta kwa kimo cha mtoto, na juu ya kamba zile vitabu vyembamba vimening'inizwa kwa vibanio, majalada yakitazama nje. Wasichana watatu walizipokea nakala zangu, wakazifuta kurasa moja moja, wakaanika. Ndani ya dakika kumi aibu yangu ilikuwa imepangwa kwenye kamba, inachuruza maji juu ya sakafu.

Nilimwuliza kwa nini kamba. "Kitabu chembamba ukikiweka rafuni unaona mgongo tu, na mgongo wake hauna hata jina. Mtoto hachagui mgongo, anachagua uso." Kufuli hana. Daftari la kuazima wanaliandika wanafunzi wenyewe kwa zamu. Nilipomwuliza kuhusu vitabu vinavyochanika, nikitaraji malalamiko, alinionyesha boksi la viatu lenye selotepu, gundi na mkasi. Kila Ijumaa alasiri wanakaa kutibu majeruhi. "Kilichochanika zaidi ndicho ninachoomba nakala nyingine kwanza. Kile safi, kikikaa muhula mzima safi, nampa mtu mwingine." Nikakumbuka kabati zile za Kisii na jinsi nilivyozisifu.

Katuni kwake si mwisho wa safari. Kwenye kamba ya pili, kando ya kila katuni ndogo ya hadithi za Abunuwasi au za mazimwi, alibana kitabu cha maandishi cha jambo hilohilo, cha kurasa chache, kisha kinene zaidi. Anayemaliza picha anakuta jirani yake. Si wote wanaovuka, alikiri. Wengine wamekaa kwenye picha mwaka mzima. "Wanasoma," akasema. "Hao mwaka juzi walikuwa hawasomi chochote."

Na wanachora. Karatasi moja ya kawaida ukiikunja mara tatu na kuikata mahali pamoja inakuwa kijitabu cha kurasa nane bila hata pini. Mtaala wa umilisi, ulioanza na madarasa ya chini mwaka 2019, una somo la sanaa bunifu, kwa hiyo kazi hiyo haimwibii mwalimu kipindi. Inaweza kupewa alama kama kazi nyingine. Kulikuwa na rundo la vijitabu hivyo mezani. Nilichukua kimoja. Katika kisanduku cha pili mtoto analia, mikono ameinyoosha kwa mwanamke mwenye jembe, na kiputo kinasema: "Baba!"

"Hapa kuna kosa," nikasema kwa lile jicho la mhariri ambalo haliwezi kutulia. "Huyu si baba, ni mama."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu akanionea huruma. "Kwetu, mwalimu, baba ndiye mama. Baba ya Kiswahili sisi tunaiita tata."

Miaka yote hii ya Kiswahili changu cha Pwani, na mchoro wa mtoto ndio umenifundisha neno hilo. Kama lingekuwa peke yake kwenye mstari ningelipitia kwa kalamu nyekundu nikaenda zangu. Picha ndiyo iliyonishtaki.

Kijitabu cha mwisho walionionyesha kilichorwa na kikundi cha wasichana watano wa gredi ya 8, kikiwa kimesimulia mambo ya mwaka 1908. Kila mtu wa hapa anayajua kwa masikio. Waingereza walikuwa wamekwisha kuwashambulia Abagusii mwaka 1905 na baadaye kuweka kituo chao hapo ulipo mji wa Kisii. Moraa, mwanamke mganga na mtabiri, alikataa kuwakubali, akawachochea vijana wasikae kama wanawake wa kuolewa na serikali. Mwezi Januari 1908, Otenyo, kijana wa nyumba yake, alimvizia ofisa wa wilaya Geoffry Northcote njiani akamchoma mkuki. Northcote hakufa. Jeshi likaja, vijiji vikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, watu wakauawa hadi Winston Churchill mwenyewe, wakati huo naibu waziri wa makoloni huko London, akaandika kulalamika kwamba mauaji yamezidi mpaka.

Wasichana walikuwa wamechora visanduku saba. Moraa ni mkubwa kuliko wote, anajaza kisanduku mpaka fremu inampasukia. Maofisa ni wadogo, kofia zao ni kubwa kuliko vichwa. Mkuki hauonekani ukichoma. Katika kisanduku cha nne uko mkononi mwa Otenyo nyuma ya kichaka. Katika cha tano farasi anakimbia bila mtu. Hawajasoma McCloud, wala hawajamsikia, lakini waliujua mwanya na kazi yake.

Niliwaambia habari ambayo hawakuwa nayo: kwamba Northcote alipona, akapanda vyeo, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Wakatazamana. "Kwa hiyo yeye tunajua alikoishia," mmoja akasema polepole.

Kisanduku cha saba kilikuwa na fremu iliyopigwa rula kwa uangalifu, na ndani yake hamna kitu. Nilidhani hawajamaliza. Otenyo alikamatwa akauawa, na Gusii nzima husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Hadi leo wako wanaodai kirudishwe.

"Tulikosana," akaeleza yule mwenye kalamu. "Huyu alitaka tuchore kichwa ndani ya sanduku la kioo. Huyu akataka kaburi. Mimi nikasema, tukichora tutakuwa tumejibu, na sisi hatujui."

Nilisafiri na maktaba ndogo nzima ndani ya katoni. Humo mlikuwa na Lwanda Magere wa Waluo, jirani wa karibu kabisa wa watu hawa. Mlikuwa na Abunuwasi, mshairi wa Baghdad wa miaka elfu na zaidi iliyopita, aliyegeuka mjanja wa hadithi, akashuka Pwani kwa midomo ya mabaharia, akachorwa na Mtanzania na kuchapishwa Nairobi. Moraa hamkuwa. Ili kusoma habari zake kwa picha, nililazimika kupanda mpaka Nyamira na kushika karatasi iliyokunjwa na mtoto.

Kwa mama yule wa Keumbu, jibu langu ni hili: ndiyo, siku hizi shule zinapeleka vya kucheka, na zile ambazo hazijapeleka zinachelewa. Wakuu wa shule, tungueni kufuli. Kitabu kilichoibwa na mtoto akakisoma kimefanya kazi kuliko kile kilichotunzwa. Walimu wa Kiswahili, Sheng msiifukuze, ipeni zoezi. Wachapishaji, mnapouza vitabu vya kiada kwa serikali kwa mamilioni, tengeni karatasi kidogo kwa ajili ya Moraa na Otenyo, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, na wachoraji mtawapata Tabaka.

Wiki tatu baada ya kurudi Nairobi nilipata ujumbe kutoka Nyamira: Abunuwasi hana jalada tena, kurasa mbili zimepotea, tafadhali tuma nakala nyingine. Nimetuma mbili.